Zaituni Hakututaja

Alikaa kwenye benchi ya wateja, maji yanamchuruzika, na nje jua linawaka. Akaniangalia, akacheka: "Shoga, umezeeka weye!" Halafu cheko likakatika. "Kwa nini watu wanasema niliwauza?"

Huyo ni Zaituni. Nilimzika kwa mikono yangu mwaka ule wa mauaji ya kimbari. Mimi leo nina mvi na magoti mabovu. Yeye bado msichana, amejifunga kitenge kilekile cha kijani nilichomfunikia. Sema nimechanganyikiwa, shauri yako. Ilikuwa alasiri, redio inaimba, nami naweka zipu kwenye sketi ya mtu. Nani anaota huku anashona?

Ngoja nikwambie ilivyoanza. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nyamirambo. Shule niliacha mapema, lakini mpwa wangu alinifungulia blogu kwenye simu, nikawa naandika ya mwaka ule. Walionisoma ni ndugu na majirani tu. Nikaandika habari ya Zaituni. Nilianza na uvumi, kwamba eti yeye ndiye aliyewaonyesha wauaji tulipojificha kwenye mafunjo ya kinamasini. Kisha nikaandika ukweli: walimpiga kwenye mvua, wakamuuliza wenzake wako wapi, hakututaja hata mmoja. Niko hai kwa sababu alinyamaza.

Faraja, anayeuza makava ya simu sokoni Kimironko, akachukua ile nusu ya kwanza tu. Hakuniuliza. Akaibandika kwenye jukwaa la mtandaoni analolisimamia na mwenzake, na kichwa alichotunga mwenyewe: "Msaliti wa Nyamirambo." Watu wakaisambaza, wakamlaani. Nikampigia.

"Maman, iko mambo ya mtandao tu," akanijibu. "Ile ingine iko ndefu, nani atasoma? Kesho watasahau."

Wamesahau? Mama yake Zaituni, kikongwe, yu hai mpaka leo. Akaulizwa msibani, mbele za watu: "Yule msaliti ndiye binti yako?" Akarudi nyumbani, hajatoka tena.

Wiki hiyohiyo ndipo Zaituni alipokuja.

"Mama amesikia?" akaniuliza.

Ningemdanganyaje? Nikamwambia amesikia. Akainama, akalia bila sauti. Nikanyoosha mkono nimshike, nikagusa ubao uliolowa. Hakuna mtu.

Na si mimi peke yangu niliyemwona, niamini. Mama Hadija, anayeuza chai mlangoni kwangu, alichungulia akasema, "Yule binti kalowa hivyo katoka wapi? Hata salamu haitiki!"

Tangu hapo anarudi. Anakaa kwenye benchi ileile, ananitazama tu. Nashona mikono ya gauni kinyume, wateja wananikimbia, usingizi sina. Wewe unayesoma, ukikuta habari ya marehemu, ifikishe mwisho kabla hujaitupa kwa wengine. Wanasikia.

Kwetu, aliyemsingizia mtu anarudi palepale aliposemea, mbele ya waliomsikia, akanushe kwa mdomo wake. Mimi nilijaribu kuandika ukweli kwenye jukwaa lile, Faraja na msimamizi mwenzake Deo wakanifungia nje. Haya, nawataja hapa. Deo, rudisha ile nusu mliyokata. Na wewe Faraja, nenda kwa yule mama, vua viatu, ukae naye mkekani, umwambie binti yake alikufa akificha nani. Unakwenda lini?