Supu ya Ukwaju ya Dirisha la Pili

Niseme ukweli mapema, kabla hamjausikia kwa wengine: mwanamke ninayemsimulia hapa nimemwonea wivu miaka mitatu, na hata sasa bado haujanitoka wote.

Tulimwita Mgeni, na jina likamganda. Alifika kwenye kantini ya kiwanda chetu cha viatu akiwa na kisu chake mwenyewe amekifunga kwa kitambaa, akaomba kazi ya kumenya vitunguu. Kwao ni mbali, unavuka mipaka miwili. Mumewe alikuwa amepata kazi ya kutengeneza mashine za kushonea soli, naye akamfuata. Aliyempokea ni mimi, mpishi mkuu wa miaka kumi na tisa, ambaye kiwanda kizima, hadi meneja mwenye mvi, kinaniita Shangazi. Nilimtazama anavyomenya, kitunguu hakimtoi hata chozi, nikajisemea huyu kazi anaiweza. Ningejua, ningemwambia nafasi zimejaa.

Mwaka mzima alimenya vitunguu, akaosha mboga mara tatu tatu kama anayeogesha mtoto mchanga, akanyamaza. Kisha kiwanda kikaleta watu kutoka kila pembe ya dunia. Kukawa na wanaokula kwa mkono na wanaoona kijiko ndiyo ustaarabu, wasiomeza tonge bila pilipili na wanaotokwa machozi kwa kuinusa tu. Meneja akaamua kantini iwe na madirisha mawili. La kwanza likawa langu: wali, maharage na mchuzi wa nyanya, chakula cha asili, kama nilivyozoea kukitangaza. La pili akapewa Mgeni apike vya kwao.

Nilicheka. Vya kwao vilikuwa supu ya dengu iliyotiwa ukwaju na tangawizi, kitu kichachu cha kukukunja uso. Nikamwambia mwosha vyombo, "Mpe wiki moja. Watu wataenda kuchungulia, halafu watarudi nyumbani."

Hawakurudi. Siku ya kwanza foleni yake ilikuwa na watu saba. Mwisho wa mwezi ilifika mlangoni, na mimi nikabaki na wazee wa idara ya ngozi ambao miguu haiwaruhusu kusimama sana. Fundi mmoja wa mashine za kukatia, niliyemlisha tangu hajaota ndevu, alinipita na bakuli mkononi akiangalia sakafu kama mume anayetoka nyumba ndogo.

"We fundi, leo hata salamu hakuna?"

"Shikamoo Shangazi. Aa, nimeenda tu kuonja kwa Shangazi Mdogo."

Shangazi Mdogo! Roho iliniuma mpaka nikaunguza wali, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kazi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nina hakika hapakuwa na mpishi kati yao. Wengine husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilingoja Mgeni aende stoo kuchukua chumvi, nikachota supu yake bakuli moja, nikalifunika na kulitia kwenye mkoba, nikamwonyeshe mama upuuzi unaowapumbaza watu.

Naishi na mama yangu kwenye vyumba viwili nyuma ya soko. Tangu augue, ulimi wake umepoteza ladha. Kila anachokula anasema ni pamba. Miezi miwili nilipika, nikaponda, nikachuja, nikabembeleza, naye anakula vijiko vitatu vya kunifurahisha mimi, kisha anageukia ukutani. Mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kutokeza. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba asipokula, dawa hazitamsaidia. Mimi ninayelisha watu mia nne kila siku, nilikuwa nashindwa kumlisha mmoja.

"Onja uone mambo," nikamwambia, nikicheka.

Akaonja. Akaninyang'anya kijiko akishike mwenyewe. Alimaliza bakuli lote, akapitisha kidole pembeni, akakilamba.

"Kapika nani hii?"

Nilitamani kusema mimi. "Mtu wa kazini."

"Ana mkono huyo."

Nilitoka uani nikalia, na sitadanganya kwamba nililia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, lakini ilikaa nyuma kabisa. Mama yangu mzazi, miezi miwili, na anayemfungua mdomo ni yule!

Kumwomba Mgeni sikuweza. Niliona afadhali niuibe ujuzi. Kesho yake asubuhi nilijibanza nyuma ya magunia ya mchele nikamwona: kitu cha kwanza, alikamua ukwaju kwenye sufuria. Nikatosheka. Jioni nikaweka dengu mbichi motoni, nikamimina ukwaju. Zilichemka mpaka mkaa ukaisha, na dengu zikabaki mawe. Mama, mwenye meno matano, alitafuna kwa heshima, kisha akanitemea punje mkononi, nzima kama ilivyotoka gunia.

Sasa, kila mpishi anajua kwamba uchachu huzuia dengu na maharage kulainika. Mimi mwenyewe humfokea yeyote anayetia nyanya kabla maharage hayajaiva. Mgeni alikuwa amezichemsha dengu zake jana yake. Mimi niliuona mwisho nikadhani ni mwanzo. Wivu ulinisahaulisha kazi yangu ya miaka kumi na tisa.

"Hii si ya yule," mama akasema.

"Basi kula mchuzi wangu, mama. Chakula chetu cha asili, ulichonifundisha wewe."

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu augue. "Asili ya wapi? Nilipoolewa, kwa kina baba yako mchuzi ulikuwa wa karanga tu. Nyanya nilikuja nazo mimi. Bibi yako alimwaga sufuria nzima uani. Akasema mchuzi gani huu, mwekundu kama umetoka buchani! Baba yako akawa anakula kwa kujificha nyuma ya nyumba."

"Bibi? Si ndiye aliyekuwa hali wali bila mchuzi mwekundu?"

"Hiyo baadaye sana. Mwanzoni aliona wivu, maskini."

Hakuniangalia alipolisema, lakini nilijua anayesemwa si bibi peke yake.

Asubuhi nilipiga moyo konde nikamfuata Mgeni kwenye sinki. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, yakanipotea. "Mama yangu hali," nikasema. "Anakula supu yako tu. Nifundishe."

Nilingoja acheke, au aniulize bakuli lake lilikwenda wapi. Alikuwa anajua, baadaye aliniambia alisikia harufu ya ukwaju kwenye mkoba wangu. Saa ile alifuta mikono tu.

"Meno anayo?"

"Matano."

"Basi dengu tuziponde. Na tangawizi tupunguze, isimchome."

Alinifundisha wiki nzima baada ya kazi, akanifungia na bakuli la kumpelekea mama kila jioni, bila kuringa hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu asiyeringa huna pa kumshikia. Aliniambia kwamba hata hiyo supu si ile ya kwao hasa. Kule hutiwa tunda la porini ambalo huku halipo. Akajaribu ndimu, akajaribu maembe mabichi, akatulia kwenye ukwaju.

"Mama yangu akiionja, ataniuliza nimepika nini," alisema. Hajamwona tangu aondoke. Nilimhurumia, mpaka ilipofika saa ya chakula nikaiona foleni yake.

Jumamosi nilipika peke yangu. Mama alikula mabakuli mawili. Nilikaa mbele yake na leso mkononi, nikingoja kusifiwa.

Akaweka kijiko chini. "Ya leo imezidi za siku zote. Mshukuru sana yule mwanamke. Mungu aibariki mikono yake."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Kisha nikaogopa. Akijua ni yangu, je, ulimi ukikumbuka kwamba vyangu ni pamba?

"Nitamwambia, mama," nikasema, nikamwongezea kidogo.

Ukweli sijamwambia mpaka leo, na huu ni mwezi wa tano. Mama amejaa mashavu, anatembea mpaka sokoni na kurudi. Kila jioni napika mimi, anaombewa dua Mgeni, nami naitikia amina.