Afande wa Duka la Vitambaa

Kwanza ieleweke kwamba Zulaika hakumdanganya mtu. Hakuwahi kuandika kwamba yeye ni askari, wala kwamba anakaa kambini, wala hakutaja cheo chochote. Waliosema hayo ni wengine, na wakaamini wenyewe walichokisema.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Wanubi wa Jinja, na kwa miaka minne alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka la vitambaa la Mzee Jayant, akipima na kukata. Magauni ya gomesi, mapazia, sare za shule, vitenge vya harusi: wateja walimtaka yeye kwa sababu mkasi wake haukupinda. Mzee Jayant alimheshimu. Kila asubuhi alimsalimia kwa jina, akamuuliza hali ya mama yake, akasubiri jibu. Tatizo lilikuwa mwanawe, Mayur.

Kazi ya Mayur dukani haikujulikana. Alikaa kwenye kiti kirefu karibu na feni, simu mkononi, na akishikwa na kiu alipiga vidole. "Wewe. Chai." Chai ikichelewa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wewe, nalala?" Hakuwa na neno jingine kwa Zulaika ila hilo wewe, na alilitupa bila kuinua macho. Zulaika alileta chai huku ameuma meno. Ulimi alikuwa nao, tena mkali, ila mama yake aliugua sukari na kazi ilikuwa hii moja. Basi hasira aliimeza, akaenda nayo mapumziko ya mchana.

Mchana aliingia stoo, akaketi juu ya majora ya vitambaa, akafungua simu yake, akacheza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mashujaa, wale wa kuruka juu ya maghorofa na kubomoa kuta kwa ngumi, watu wanne dhidi ya wanne. Wengi walichagua mashujaa wa kupaa na kurusha moto. Zulaika alimchagua Chuma, jitu zito lisilojua kukimbia, ambalo kazi yake ni kusimama mbele na kupigwa ili wenzake wapate nafasi. Watu walimkwepa Chuma kwa kuwa hapati sifa. Yeye alimpenda kwa sababu anayesimama mbele ndiye anayeuona uwanja wote, na kwa sababu Chuma akishapigwa vya kutosha huruhusiwa pigo moja ambalo halibakizi mtu wima. Pigo hilo Zulaika alilisubiri kila siku kwa raha ambayo asingethubutu kumsimulia shehe.

Siku moja mchezo ulimkutanisha na watu watatu asiowajua, wakikimbia ovyo kama kuku waliofunguliwa. Wao waliandikiana kwa Kiingereza na Kiganda. Zulaika, ambaye kwao ni Kinubi na Kiswahili, akaandika kilichomjia: "Rudini nyuma. Ngojeni. Asisogee mtu." Wakarudi. "Sasa piga." Wakapiga, wakashinda. Kisha mmoja wao akaandika: "Ndiyo, afande."

Kwa mtu wa Jinja hilo halikuwa jambo la kushangaza. Kiswahili cha amri kinatoka wapi kama si kambini? Wazazi wao walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ile ya utawala wa kijeshi, na watoto wakarithi woga bila kuuliza unatoka wapi. Huyu ni mwanajeshi, wakakubaliana, tena mwenye nyota begani. Wakamwomba awaongoze. Zulaika alicheka peke yake stoo mpaka akaziba mdomo kwa kipande cha kitambaa.

Kicheko kilikatika wiki iliyofuata. Alikuwa stoo, mlango wazi kidogo, mchezo umepamba moto, akaandika: "Wa mbawa, shuka chini haraka." Kutoka dukani, kwenye kiti cha karibu na feni, akasikia sauti anayoijua vizuri: "Rahul, Afande nasema mimi nashuka." Akachungulia. Mayur alikuwa ameinamia simu, na binamu yake Rahul ameinamia ya kwake pembeni. Zulaika akaandika: "Umechelewa. Unacheza kama mtu aliyelala." Mayur alinyooka pale kitini, mgongo wima, vidole vikakimbia: "Samahani afande. Sitarudia." Mchezo ulipokwisha akaiweka simu mezani, akapiga vidole kuelekea stoo.

"Wewe. Nalala huko? Chai."

Mwingine angefurahi. Zulaika alikasirika kuliko siku zote za miaka ile minne. Kumbe adabu anayo. Samahani anaijua, kukaa wima anajua, ila ameviweka akiba kwa mtu ambaye hajapata kumwona, na huyu anayemletea chai hakumbakizia hata tone. Siku hiyo chai aliipeleka bila sukari, na Mayur aliinywa yote bila kugundua, jambo lililomkera zaidi.

Angeweza kuacha kucheza. Hakuacha. Miezi mitano aliendelea, mchana na magharibi, na kila "ndiyo afande" iliyotokea kwenye kioo ilimchoma upya. Wa nne wao alikuwa Jasvinder, Kalasinga kijana aliyeuza vipuri vya pikipiki mtaa wa pili, mpole, aliyeshukuru kila mara Chuma alipomkinga. Zulaika aliwafundisha wote watatu kungoja. Akawafundisha kutawanyika na kukutana. Hasira ilimpa uangalifu ambao hakuupata kwingine, na kikosi chao kikapanda hadi kikajulikana mashariki yote.

Ndipo yalipotangazwa mashindano ya ana kwa ana, Mbale, kwenye ukumbi mmoja wa Malukhu, Jumapili asubuhi. Mayur aliandika mara tatu siku hiyohiyo. "Afande, tafadhali omba ruhusa kambini. Bila wewe sisi si kitu."

Zulaika akajibu: "Wewe ndiye kapteni, andikisha kikosi. Mimi mtanikuta mlangoni."

Kombe lingekwenda kwa yeyote, hakulijali sana. Alitaka kitu kimoja tu: Mayur amtazame usoni, ajue amekuwa akimtii nani, na aketi acheze chini ya amri yake mbele ya watu. Kwa hilo aliomba ruhusa ya Jumamosi kwa Mzee Jayant, akalala Namakwekwe, hukohuko Mbale, kwa shangazi yake Zahara, aliyemtazama akinyoosha gauni lake la kijani kwa pasi.

"Mtu mzima umetoka Jinja kuja kucheza simu?" shangazi akauliza.

"Nimekuja kumwonyesha mtu uso wangu, shangazi."

"Basi jipake mafuta, usimwonyeshe uso mkavu."

Asubuhi alifika Malukhu kabla yao. Ukumbi ulijaa vijana na nyaya za umeme, na karibu na mlango aliketi mama mmoja wa makamo, Nabalayo, na daftari kubwa na saa ya mezani. Mayur, Rahul na Jasvinder walipoingia, Zulaika alikuwa amesimama pale pale alipoahidi.

Mayur alimpita, akasimama, akarudi hatua moja. "Wewe nafanya nini hapa? Baba ametuma wewe?"

"Nimekuja kucheza," Zulaika akasema, akainua simu. Kwenye kioo alikuwa Chuma, na chini yake alama zote za kikosi chao.

Rahul aliiona kwanza. "Hiyo ni simu ya Afande. Yeye ametoa wapi?"

"Umeiba?" Mayur akauliza, na hakuuliza kwa kunong'ona. Watu wawili watatu waligeuka. Kisha likamjia wazo jingine, akalainika kidogo. "Ama wewe ni bibi yake? Afande nakutuma, sindiyo?"

Mwizi, au mwanamke wa mtu. Hayo mawili ndiyo yaliyoingia katika kichwa cha Mayur, na la tatu halikupata nafasi. Zulaika alihisi masikio yake yakiwaka. Aliandika kwa kidole gumba, macho yake juu ya Mayur, na simu tatu zikalia kwa pamoja mikononi mwao: "Mayur, simama sawa."

Jasvinder ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alicheka, akacheka tena, halafu akanyoosha mkono kwa heshima. "Ndiyo, afande," akasema, na kwa mdomo wake neno hilo halikuwa na dhihaka. Rahul alitazama viatu vyake. Mayur alikuwa mwekundu hadi shingoni, na kile ambacho Zulaika alikisubiri miezi mitano kilianza kuonekana usoni pake, kidogo tu, kisha kikafungwa.

"Sawa," Mayur akasema haraka, kwa sauti ya chini. "Sasa sikia. Watu hapa wanajua sisi tuna mwanajeshi. Mimi nimewaambia. Tutasema Afande ameshikwa na kazi, ametuma wewe. Wewe cheza tu, usiseme mambo ya duka."

Hapo Zulaika angeondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki kwa sababu alitaka kucheza. Tuseme ukweli: alitaka sana. Vidole vilimwasha. Akajiambia kwamba atakapolipiga lile pigo la Chuma jukwaani, hata Mayur hatakuwa na pa kuficha uongo wake. Wakaenda mezani.

Nabalayo alikuwa mama asiyependa haraka. Akawaeleza sheria, kwamba mwaka uliopita vikosi vilikodi wachezaji wa mlangoni, watu wasiojuana kabisa, ikawa vurugu. Kwa hiyo sasa karatasi haipokelewi. Kapteni mwenyewe anasimama mbele yake na kutaja kwa mdomo watu wake, mmoja mmoja, na mwisho ni saa nne kamili. Zilibaki dakika saba.

Mayur akajitaja. Akamtaja Rahul. Akamtaja Jasvinder. Kisha akasema, "Na Afande."

"Afande si jina," Nabalayo akasema. "Hata mimi baba yangu alikuwa afande, lakini mama alimuita na jina. Jina lake nani?"

Mayur akamgeukia Zulaika. "Mwambie."

Mpaka dakika ile Zulaika hakuwa amejua kwamba Mayur halijui jina lake. Alidhani miaka yote analo na anaona uvivu kulitumia. Jina ambalo baba yake mtu huyu hulitaja kila asubuhi, hatua tatu kutoka kiti cha feni, lilikuwa halijamwingia sikioni hata siku moja.

"Kapteni ni wewe," Zulaika akasema. "Taja mtu wako."

"Ketty," Mayur akajaribu. Nabalayo akamtazama Zulaika, naye akatikisa kichwa. Ketty alifanya kazi duka la jirani.

"Ametumikia kwenu muda gani?" Jasvinder akamuuliza Mayur.

"Miaka minne."

"Na hujui?"

Mayur alijitenga kando, akampigia baba yake. Jumapili asubuhi Mzee Jayant yuko hekaluni na simu yake iko nyumbani juu ya kabati, hilo hata Zulaika alilijua. Ililia hadi ikakatika. Akapiga tena. Rahul akaanza kulalamika kwamba msichana anawaharibia kwa kiburi, aseme tu, neno moja linamgharimu nini.

Jasvinder akamsogelea. "Dada, nisamehe. Niambie mimi, nimnong'oneze."

"Wewe hujanikosea," Zulaika akamjibu. "Wewe hujapata kuniona kabla ya leo. Yeye ameniona kila siku."

Neno moja lingefungua mlango, akapanda jukwaani, Chuma akasimama mbele na kupigwa kwa ajili ya Mayur kama alivyopigwa miezi mitano. Alilifikiria hilo vizuri. Akaona kwamba amepigwa vya kutosha. Kazi ya Jumatatu, mama, dawa, yote yalimpitia kichwani, akayaacha yapite, akafunga mdomo.

Mayur akarudi, simu imelegea mkononi. Safari hii alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Tafadhali," akasema.

Zulaika alimtazama naye, kisha akageuka kuitazama saa ya mezani.

Saa nne ikafika. Nabalayo akachukua rula, akapiga mstari mmoja wa wino juu ya jina la kikosi chao, akageuza daftari kuita wengine. Jasvinder akavua begi begani akaketi chini palepale. Mayur akasema kwa uchungu, "Umetuharibia kila kitu. Kwa sababu ya jina tu."

"Ndiyo," Zulaika akasema. "Kwa sababu ya jina tu."

Nabalayo aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Na wewe, dada," akasema, "si kwa kuandika, nataka kujua tu mimi mwenyewe. Unaitwa nani?"

"Zulaika," akasema. "Zulaika Muhamad Fadlalla." Alilitaja lote, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwa karibu na mlango ule. Mayur alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, na wino wa ule mstari ulikuwa umeshakauka.