Pampu Isiyosikika

Mume wangu alikuwa mkali. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kwa sababu watu wakifa hugeuzwa malaika, na wangu mimi sitaki ageuzwe. Alikuwa fundi wa umeme bandarini Tanga, miaka ile ya hamsini, na kwake yeye kila kitu kilikuwa na namna moja tu ya kufanywa. Ukikifanya kwa namna ya pili, utayasikia. Aligombeza chai iliyochemka kupita kiasi, aligombeza mlango ulioachwa wazi, aligombeza ufagio uliosimamishwa kichwa chini. Hata mama yake mzazi, aliyekuwa akija kututazama kutoka Tongoni, hakusalimika. Mama wa watu atafika na kapu lake la muhogo, hajavua viatu, mwanawe ameshamwambia kapu ameliweka pasipo pake. Yeye hucheka tu, akasema kwa Kimtang'ata chake kwamba huyu tangu tumboni alikuwa akimpiga mateke.

Basi maradhi ya moyo yakampata. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akasema asipande ngazi tena wala asibebe kitu. Sasa fundi wa umeme asiyepanda ngazi ni nani? Akarudi nyumbani Ngamiani, tukamkalisha kitandani na mito mgongoni, maana akilala chali hapati pumzi. Akanyamaza. Mtu aliyekuwa akinichosha kwa maneno, sasa namwekea uji asubuhi, adhuhuri naukuta umeganda, wala hasemi una sukari au hauna. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nilimwuliza, nikambembeleza, nikamlilia, mwisho nikachoka.

Waliomrudisha ni samaki. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, ambaye mume wangu aliwahi kumtengenezea taa zake, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akamletea sanduku lake la kioo lenye samaki wadogo wekundu. Nilipoliona linashushwa garini nilisema moyoni, haya, nyumba ina mgonjwa, sasa ina na mifugo. Samaki tunaowajua sisi ni wa kukaanga. Lakini likawekwa juu ya meza mbele ya kitanda chake, na jioni ile ile nikamsikia anasema, "Wewe mwenye mkia mpana ni mroho, waache wenzako wale." Nilikuwa uani nakuna nazi. Nikaiacha mbuzi na nazi yake, nikaenda mlangoni kumchungulia. Alikuwa ameinama mbele, anamkaripia samaki. Nililia kwa furaha, wallahi.

Tatizo likawa mashine ya kuwapa hewa. Samaki wale, katika joto letu na chombo kidogo kama kile, wasipopulizwa hewa majini hupanda juu wakatweta midomo wazi, na mwisho wake ni kufa. Mzungu alikuwa ametuachia na pampu yake, kijisanduku chenye mpira mrefu wa kupitisha hewa. Lo, kile kijisanduku. Ilikuwa kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Mchana utavumilia. Usiku mgonjwa hapati usingizi, na daktari amesema usingizi ndiyo dawa yake kubwa. Ukiizima ili alale, anaamka kwa sala anakuta samaki wanatweta, naye anatweta kwa kuwatazama. Tuliifunga matambara, tukailaza juu ya makumbi ya nazi, ikapungua kidogo tu. Wakija watu kumwombea dua, tunaichomoa kwa aibu. Nami Alhamisi nikifukiza nyumba ubani, jambo la kwanza ni kuichomoa, maana Yasini na nyuki haviendi pamoja.

Ikawa lazima ipatikane pampu nyingine, iliyo kimya. Yeye kutoka hawezi, akasema nitakwenda mimi. Nikamjibu, mimi nazijulia wapi pampu? Akanikata kwa ukali wake wa zamani, nami nikaupokea ukali ule kama mkono wa Idi.

"Huna haja ya kuzijua. Una sikio, na una kiganja."

Akanifunza. Dukani pana kelele za barabara, kwa hiyo usiliamini sikio peke yake. Ishike pampu mkononi ikiwa inakwenda, kwani inayotetema kiganjani ndiyo itakayonguruma mezani. Tena usiijaribu bure bure katika hewa, kwa sababu kila pampu ni pole kama haina kazi. Tia mpira kwenye maji marefu, uuzamishe mpaka chini, halafu ndipo usikilize. Akanikaririsha mpaka nikaona sasa pumzi zinamwishia, nikamwambia nimeshika, yatosha.

Nikajitia buibui langu nikaenda kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya umeme na kuwaagizia wazungu wa mkonge mahitaji yao. Nikaomba kuona pampu zake, kisha nikaomba maji. Akaniagizia bilauri ya maji juu ya kisahani, maskini, akidhani nina kiu. Nikamwambia si ya kunywa, nataka ndoo, tena iliyojaa. Alinitazama kama mtu anayejiuliza nimetoroka wapi, lakini ndoo ikaja. Pampu ya kwanza ilikuwa ndugu wa nyuki zetu, baba mmoja mama mmoja. Ya pili ilikuwa kimya kabisa, nikafurahi, nikauzamisha mpira mpaka chini ya ndoo. Hapo ikaanza kukoroma kama mzee aliyeshiba pilau. Mhindi akasema hiyo ndiyo inayopendwa na kila mtu. Nikamwambia kila mtu hana mgonjwa wangu.

Ya tatu aliitoa nyuma, ndani ya boksi lenye vumbi. Ilikuwa nzito, yenye kijigurudumu kinachozunguka polepole na kutaka tone la mafuta mara kwa mara. Nikaiweka kiganjani. Nilichohisi ni kama mapigo kwenye utosi wa mtoto mchanga, basi. Nikainamia ndoo, nikaona mapovu yanapanda mfululizo, na pampu haisikiki. Nikasema hii hii.

Nyumbani mume wangu aliishika, akafumba macho, akakaa nayo kitambo. Akasema nimechagua vizuri. Katika ndoa yetu neno hilo lilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Tukaigongomea ubao ukutani, juu ya usawa wa maji, kwa sababu alisema ikikaa chini na umeme ukakatika, maji yatarudi kwa njia ya mpira na kumwagika. Tangu siku ile akaanza kulala. Akala. Akagombeza: maji ya samaki nimeyatoa bombani moja kwa moja badala ya kuyalaza mtungini kwanza, chakula chao nimekitia kingi. Nami nikitoka pale nacheka peke yangu ukumbini.

Mama mkwe akahamia kwetu kusaidia kuuguza. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Samaki aliwaona kama vitu vyekundu vinavyopita. Kila asubuhi mwanawe akimwamkia shikamoo, yeye huitikia marahaba, kisha huuliza, "Samaki wako wazima?" Na mwanawe hakosi la kujibu: wazima, mama, ila usikiguse kioo, unawatisha; au, wazima, lakini jana nani kaweka kikombe hapa? Mama akicheka, akienda zake.

Alhamisi moja, baada ya Alasiri, nilimtoa mgonjwa uani nikamkalisha kwenye kibao kumwogesha. Mama mkwe akaona ndiyo nafasi ya kufukiza kile chumba vizuri, mwanawe asipaliwe na moshi. Hapana ubaya, hivyo ndivyo sote tulivyolelewa: mkesha wa Ijumaa nyumba inukie, na nyumba yenye mgonjwa ndiyo zaidi, kuondoa hasada na macho ya watu. Akafunga madirisha ili moshi ukae pembeni zote. Akatia ubani na udi, hakubania. Akakiweka chetezo sakafuni, chini ya ule ubao wa ukutani, akakaa kizingitini na tasbihi yake. Pampu hakuna aliyeikumbuka. Ile ya zamani ingetukumbusha yenyewe kwa makelele yake. Hii ilikuwa kimya, na kwa kimya chake ikavuta moshi ule wote na kuupuliza majini.

Tulipomrudisha ndani madirisha yalikuwa yamefunguliwa na chumba kinanukia kama cha arusi. Kabla ya Maghrib samaki wote walikuwa juu ya maji, ubavu ubavu. Mume wangu aliwatazama, akatazama ubao ukutani, kisha akatazama chetezo sakafuni na majivu yake. Mimi bado nilikuwa sijaelewa, nikamwuliza wamepatwa na nini. Akasema mashine haina pua, inavuta ilichokikuta.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilikwisha kugeuka, nakwenda kumwambia mama mkwe alichokifanya. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Usimwambie. Watoe, na pampu iache iende. Akisikia mapovu, atajua wamo."

Nikawatoa kwa bakuli, nikawafukia chini ya mgomba uani. Maji nikayabadilisha, mapovu yakawa yanapanda ndani ya kioo kitupu.

Asubuhi yake mama akauliza kama kawaida yake, "Samaki wako wazima?"

"Wazima, mama," akajibu, na hakuongeza neno.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Na si kwa mama peke yake. Nikimletea chai, anaipokea, anasema asante, awe kaionja au hajaionja. Mlango ukibaki wazi, unabaki wazi. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuja kunisaidia kufua, nikamwambia, shoga, Mwenyezi Mungu amenipa mume mpya, maradhi yamemlainisha. Nilisema kweli toka moyoni. Miaka yote niliyoolewa naye nilikuwa nimeomba ulimi wake upoe, na sasa umepoa, anaita watu kwa upole, anamwambia mama yake asante hata kwa kusogezewa mto. Miguu ilikuwa inazidi kuvimba, hilo niliona. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, nikaushika utulivu ule, nikasema huku ndiko kupona.

Akafariki wakati wa Adhuhuri, ameegemea mito yake, mimi nikiwa nimemshikia kikombe. Kilio, mazishi, khitma, yote yakapita mbele yangu na mimi kama sipo. Watu wakaondoka. Mimi nikaingia eda, na mama mkwe akakataa kurudi Tongoni, akasema hatamwacha mke wa mwanawe akae eda na kuta.

Tukakaa wawili mle ndani. Siku moja nikifagia chumba chake nikaona pampu bado inakwenda. Tangu msiba hakuna aliyeizima, kwani nani angeisikia? Mapovu yanapanda, maji yameota ukijani. Nikaichomoa. Nikamwona mama mkwe amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho hawezi, nikasema moyoni, leo nitamwambia. Aliyenikataza alikuwa hai, sasa hayupo. Mimi nimebeba peke yangu, na huyu ndiye aliyefanya.

"Mama, nina neno," nikamwambia.

"La samaki," akasema. Mikono yake haikuacha mchele.

Akasema alijua jioni ile ile. Aliniona nikiinama mgombani na bakuli, macho yake mabovu lakini hayajafa. Akaingia chumbani kabla sijayabadilisha maji, mwanawe amesinzia, akatia kidole majini, akakinusa. Kilinuka ubani.

Nikamwuliza, sasa kwa sauti ambayo si ya kumpa mkwe, mbona basi alikuwa akimwuliza kila asubuhi, akimtonesha kidonda makusudi.

Akaweka ungo chini.

"Nilitaka anigombeze," akasema. "Nilimwuliza ili anigombeze. Mwanangu akigombeza, yuko. Siku aliponijibu 'wazima, mama' akanyamaza, nilijua ananiaga. Nikamwuliza na kesho yake, na kesho yake tena, labda atarudi."

Akauchukua ungo wake akaendelea kuchambua. Mimi nikakaa pale pale sakafuni, nikakumbuka asubuhi zote zile, nilivyokuwa nikimsikia toka jikoni anamjibu mama yake kwa upole, nami nikimshukuru Mungu.