Sura Niliyoikata kwa Wembe

Kitabu cha tatu kilifika shuleni kwetu Mabawe mikononi mwa mtu asiyestahili. Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne alikinunua Nyakanazi akisubiri basi, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwazima viwili vya kwanza. Ilikuwa hadithi ya mumiani, tajiri aliyewanyonya watu damu usiku, na ya binti ambaye mama yake aliuawa na tajiri huyo. Mwaka mzima sisi walimu tulibishana binti atalipiza vipi.

Tulikubaliana na mwenzangu kwamba akimaliza atanipa, asiseme neno. Wiki haikuisha. Wakati wa chai alisimama katikati ya ofisi ya walimu akicheka.

"Binti anamsamehe! Tena wanaoana!"

Niliweka kikombe mezani. "Nilikuomba usiseme."

"Hadithi tu hiyo, Mwalimu. Usinune kama mtoto."

Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kupanga. Aliponipa kitabu nilikisoma chote, nikachukua wembe nikaikata sura ya mwisho, polepole, karibu kabisa na uzi ulioshona kurasa. Sasa hadithi iliishia pale binti anapofunga mlango kwa nje na nyumba ya mumiani inawaka moto. Nikakipitisha kwa mwalimu mkuu, kwa katekista, kwa kila aliyependa kusoma. Wote walikisifu: mwisho mzuri, haki imetendeka.

"Hiyo ndoa uliiota wapi?" mwalimu mkuu alimuuliza mwenzangu, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Aligeuka akanitazama. Nikaendelea kusahihisha madaftari. Ilikuwa raha, sitadanganya.

Msomaji aliyefuata alikuwa fundi cherehani, mkimbizi kutoka Burundi, aliyetushonea sare za shule kwenye kibaraza cha duka. Alikuwa amewazika mume na kaka zake wawili kabla ya kuvuka mpaka. Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, huyu aliyeandika anajua," alisema.

Hapo nikaona aibu. Yeye sikutaka kumdanganya. Nikamtolea zile kurasa mkobani, akazisoma amesimama. Alipomaliza alifungua pasi yake ya mkaa, akazikunja, akazisukuma ndani.

"Huyu hajazika mtu," alisema. "Asitufundishe kusamehe."

Akafunga pasi, akaendelea kunyoosha sketi ya mtoto huku moshi ukitoka matunduni.

Mwezi uliofuata mwenzangu alitoka Biharamulo na nakala nyingine. Wakati wa chai aliisoma sura ya mwisho kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaweka nakala ile ya kwanza, iliyokatwa, kando yake, wazi.

"Baada yangu, nani alikishika wa kwanza?"

Walimu wote walinigeukia. Mwalimu mkuu akaniambia niombe radhi palepale. Niliomba, kwa mdomo tu. Katekista naye akabadilika, akasema kumbe mwisho wa kweli ndio mzuri zaidi, wa Kikristo. Nilimchukia yeye pia.

Mimi na mwenzangu hatukusalimiana tena hadi alipohamishwa. Siku anaondoka walimu walimsindikiza mpaka barabarani, wakimbebea mizigo. Mimi niliingia darasa la nne, nikawafundisha wanafunzi wake kugawanya, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.