Kipimo cha Amonia na Pua ya Donata

Enzi zetu samaki aliingia nyumbani akiwa ameshakufa, na hakuna aliyemlilia. Dagaa walipanda huku kwetu kutoka Kigoma ndani ya magunia, wamekauka kau kau, mama anawachambua, anawamwagia mawese, na sisi tumezunguka moto tunameza mate. Mtu angetuambia kwamba iko siku samaki atawekwa sebuleni, ndani ya nyumba ya kioo, amewashiwa taa, analishwa na haliwi, tungemwambia akalale, malaria imempanda kichwani.

Lakini ndivyo ninavyoishi leo hapa Kasulu. Mjukuu wangu Anitha, mwalimu, ambaye ndiye ninayekaa naye, alinunua tangi la kioo akatia samaki wekundu, wadogo kama kidole. Mwanzo nilinuna. Halafu nikajikuta nimewapa majina, na majina yenyewe ni ya wasichana tuliokua pamoja Kasanda, wakati Kasanda bado inahesabiwa Kibondo. Yule mnene nikamwita Skolastika Ntakije, maana naye alikuwa hampishi mtu njiani. Mwenye mkia uliochanika ni Melania Bihagaze, aliyerudi na gauni limechanika kila tukicheza kombolela. Kulikuwa na Yudita wa mzee Kagoma, na Donata Gwimo. Na yule mdogo mwenye doa jeupe ni Leokadia, rafiki yangu wa damu, ambaye katika hao wote ndiye peke yake aliyebaki duniani. Anaishi Kibondo mjini kwa mwanawe. Nilipomwambia kwenye simu kwamba tunaye samaki mwenye jina lake, alicheka mpaka simu ikamdondoka. Tangu hapo akipiga, hata salamu haiji kwanza: "Haya, mimi leo nimekula?"

Basi samaki wakaanza kufa. Alianza Skolastika, akafuata Yudita. Wanapanda juu, wanatafuta hewa kwa midomo, kesho yake wanaelea. Anitha akachungulia simu yake, akasema, "Bibi, hii ni amonia."

Mimi nikasikia nimonia. Na nani wa kunilaumu? Sisi tuliokulia huku juu kwenye baridi tunaijua nimonia. Mtoto akikohoa mara mbili, mama ameshamvika sweta mbili. Kwa hiyo Anitha alipokwenda kufundisha, nikalifunika tangi kwa blanketi langu zuri, nikalisogezea na jiko la mkaa. Aliporudi alishika kichwa.

"Bibi! Unawachemsha?"

"Nawatibu kifua."

"Samaki hana kifua, Bibi! Amonia. A-mo-ni-a! Ni sumu, inatokana na uchafu wao wenyewe. Wanakojoa humo humo wanamolala."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "si ungesema mkojo tangu mwanzo? Mkojo naujua."

Na kweli naujua. Kwetu mama alisafisha vibuyu vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe, sisi Waha tunauita amaganga. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanaziba midomo, na wao hao wanakunywa vinywaji vya rangi ya bluu. Asubuhi ng'ombe akiinua mkia, watoto tunakimbia na kata, tunasukumana nani atakinga. Ukichelewa unarudi na mguu umelowa na wenzako wanakukimbia njia nzima. Yakishalala siku moja, amaganga yanachoma pua mpaka machozi yanatoka. Kibuyu kikishasafishwa kinasuuzwa kwa maji ya kijito, kinafukizwa moshi, halafu lazima mtu anuse kuona kama harufu imekwisha.

Kazi ya kunusa ilikuwa cheo, jamani. Anayenusa hachoti maji, hakati kuni, anaitwa tu. Donata, aliyekuwa akilelewa kwetu, ndiye aliyepewa. Kila kibuyu anasema, "Kizuri, mama." Kizuri, kizuri, mpaka siku katekista alipokuja kumtembelea baba, akapiga funda moja, akaenda kutema mlangoni. Mama hakugomba. Alichukua kibuyu ambacho amaganga yamelala humo tangu jana, akampa Donata. Sisi wengine tulikuwa tumesimama mbali na bado macho yanatuwasha. Donata akavuta pumzi yake yote, akasema, "Kizuri, mama."

Kumbe mtoto ana mafua ya siku nyingi, na anaogopa kupokonywa kazi! Tulicheka tukagaagaa chini. Mama akamwambia, "Kachote maji, mwanangu. Pua yako ikirudi tutaonana."

Sasa turudi sebuleni. Anitha alileta vipimo viwili. Kimoja ni vikaratasi ndani ya kopo, alivipata dukani: unachovya, rangi inakuambia hali ya maji. Kingine kilikuja na basi kutoka Kigoma: vichupa viwili vya dawa. Unachukua maji ya tangi kidogo, unadondoshea matone ya kwanza na ya pili, unatikisa, unasubiri, unalinganisha na kadi ya rangi. Njano ni salama, kijani ni sumu. Akapima kwa vyote. Karatasi ikasema salama. Matone yakawa kijani kama majani ya maharage.

Na siku hiyo samaki Melania na Donata tulikuwa tumeshawazika migombani. Amebaki Leokadia peke yake, naye yuko juu anatafuta hewa.

"Karatasi ikisema kweli, nikibadilisha maji nitamsumbua bure, anaweza kufa kwa mshtuko," Anitha akasema. "Matone yakisema kweli, nisipobadilisha anakufa. Sasa tuamini kipi?"

"Vinusishe," nikamwambia.

"Nini?"

"Vipe amaganga. Ya jana, si mabichi."

Akanitazama, akacheka, akachukua kijiko. Jirani yetu Baba Ezekieli ana ng'ombe. Alimkuta mwalimu mzima amechuchumaa zizini kwake, anachota kwenye kidimbwi.

"Mwalimu," akauliza, "kwani kwenu sukari imeisha?"

Tone moja tukalitia kwenye glasi ya maji. Glasi nyingine tukaweka maji ya chemchemi matupu. Karatasi tukaichovya huku na huku: salama, salama. "Donata huyo!" nikapiga kelele. Matone yakabaki njano kwenye chemchemi, na kwenye ile glasi nyingine yakaiva kijani kibichi. Tulisoma kadi dirishani, maana ile taa ya tangi hata ugali inaufanya wa bluu. Anitha akageuza kopo la karatasi, akaguna. Muda wake ulishapita, na kifuniko hakikazi, unyevu wa masika umejiingilia.

Basi tukajua la kufanya. Maji yalilazwa kwenye ndoo kwanza, yakabadilishwa kidogo kidogo, chakula kikapunguzwa, na kila siku matone yakaulizwa. Kijani kikafifia, kikafifia, mpaka asubuhi moja nikamkuta Leokadia chini kabisa, anapekua mchanga kama mtu aliyepoteza sindano. Nilipiga vigelegele peke yangu, Anitha akatoka mbio na mswaki mdomoni.

Jumapili mwenyewe akapiga. "Haya, mimi bado nipo?"

"Upo, unatamba, umenenepa."

Akacheka. Lakini cheko lilikuwa fupi, na nyuma yake nikasikia pumzi inavutwa kwa shida. Nikamwuliza hali. Mzima tu, dada. Kulala? Nalala tu. Kula? Nakula tu.

Zamani Leokadia asingeniweza kwa maneno hayo. Tulikuwa tukikutana njiani tunakumbatiana, shingo kwa shingo, hatuachiani upesi. Hapo unasikia harufu ya moshi wa kwao, siagi aliyojipaka, na kama amelala na njaa au ana homa utajua kabla hajafungua mdomo. Siku hizi tunaongea kila wiki, sauti iko wazi kama amekaa chumba cha pili, na sijui hata amekonda kiasi gani.

Anitha anasema nimpigie ya video. Nimemwambia anikatie tiketi ya Kibondo.