Hakimu wa Posa Yangu

Aliyenichanganya alikuwa fundi cherehani wa soko la Mwanga, mkimbizi kutoka Burundi, aliyenipima kiuno mara tatu kwa gauni moja. Mara ya tatu nilicheka mpaka kopo la pini likamwagika. Nilikuwa na miaka ishirini, akili zote zimehamia Mwanga, na Ujiji nzima ilijua kabla ya baba.

Baba alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wazee wawili wanaokaa na hakimu na kutoa kura zao pamoja naye. Hata nyumbani, paka akiiba samaki, baba alitaka kusikiliza pande zote mbili. Mshenga alipoleta barua ya posa, akasema, "Nasikia kijana alibeba bunduki msituni. Aje tumsikilize."

Siku ya siku, baba na mzee mwenzake wa baraza walikaa mkekani, kanzu zimepigwa pasi. Mimi na shangazi tulijibana nyuma ya pazia, tumeziba vinywa kwa khanga.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Ulimpiga nani risasi?"

Shangazi alinifinya. Fundi akaeleza kwamba askari wa serikali yao walichoma kijiji, wakamuua mama yake mlangoni. Ndipo akaingia msituni.

"Askari hao hawana utetezi," alisema baba. "Kuua raia ni kuua, hata ukivaa sare. Na mtu ana haki ya kujilinda. Nakuuliza wewe sasa: uliwahi kumpiga asiye na silaha?"

Angesema hapana, nani angekwenda Burundi kutafuta shahidi?

"Sijui, mzee. Risasi zilitoka kwenye matete, nami nikapiga kwenye matete. Halafu nikasikia mtoto analia. Kisha akanyamaza."

Mwenzake baba alikohoa. "Alishambuliwa. Kwangu mimi, aoe."

"Mimi nakataa," alisema baba. "Yule wa kwenye matete hana wa kumsemea hapa."

Kura moja kwa moja, na hakimu wa kuamua hakuna. Baba akageukia pazia. "Wewe unayecheka huko, njoo. Kura ya tatu ni yako."

"Aoe!" nilisema hata kabla sijakaa.

"Hukumu ina sababu, binti yangu."

"Amesema kweli, baba. Halafu nampenda."

Shangazi akapiga kigelegele, kesi ikaishia hapo. Kwa furaha, wiki ile nilitia sukari kwenye mchuzi mara mbili, na baba akaula wote.

Mwaka uliofuata nilijifungua nyumbani kwa baba. Mtoto alilia kwa nguvu, wanawake wakashangilia, nikampa ziwa. Mara mume wangu akaingia chumbani bila hodi, huku wanawake wakimfokea, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Amenyamaza," alisema. "Mbona amenyamaza?"

Kicheko kilinikauka. Nyuma yake baba alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mimi.

"Ananyonya," nilimwambia mume wangu. "Sogea uone."