Kilo Nne za Maricel Chamorro

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Maricel Chamorro anainua kreti ya kumi na tisa ya bia na kuiweka juu ya mizani. Don Aldemar, mpimaji wa mizigo, anasoma namba kwa sauti, anaiandika, kisha anaelekeza kwa kidevu: ndani, mbele, upande wa kushoto. Mvua ya usiku imeacha madimbwi kwenye uwanja wa ndege wa Villavicencio, na buti za Maricel zimelowa chepechepe.

"Kapteni wa magunia!" mpakiaji mmoja anamtania. "Leo tunaruka saa ngapi?"

"Wewe utaruka nikikurusha mimi," anajibu, na wanaume wanaangua kicheko.

Yeye hacheki. Begini mwake mna shati jeupe la urubani lililopigwa pasi vizuri. Hajalivaa tangu Machi.

Maricel ana miaka ishirini na saba, leseni halali ya urubani wa biashara, na saa 214 za angani. Kampuni ndogo zinazopeleka mizigo kwenye vijiji vya misituni, kusikofika barabara, zinataka saa mia tano.

"Bila saa hupati kazi, na bila kazi hupati saa," anasema. "Nimetuma barua arobaini na moja. Nimejibiwa mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mtu mwingine."

Hata hivyo, hapa barua hazifui dafu. Desturi ya uwanja huu ni kwamba rubani mchanga hupakia mizigo hadi kapteni fulani amjue. Rubani msaidizi ndiye anayepanga na kufunga shehena, na shehena ikihama angani hakuna wa kuomba radhi. Kwa hiyo wenye njaa ya saa husimama karibu na mizani kila alfajiri, maana asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka huu wako tisa. Maricel ni mwanamke pekee, tena ndiye pekee asiye na ndugu mjini.

Siku ya mizigo hulipwa peso elfu hamsini. Siku isiyo na mizigo huambulia kahawa ya don Aldemar.

"Jumapili ndiyo inaniua," anasema. "Jumapili hakuna hata wa kunitania."

Agosti nusura apate kuruka. Kapteni Eliécer Baquero, mkongwe wa njia za misituni, alimwambia ndegeni kumebaki nafasi ya kilo hamsini na tano. Akitosha, aketi kiti cha kulia, cha rubani msaidizi: saa mbili na nusu, kwenda na kurudi.

Maricel alijua hatoshi. Akajinyima kifungua kinywa, akavua buti, akaficha begi nyuma ya pipa la mafuta, akapanda mizani peku. Hamsini na nne. Kisha akavaa buti, akabeba begi, akapanda ndege.

Baquero alimtazama miguuni na begini, akapiga hesabu: hamsini na tisa. "Shuka," alimwambia. "Kilo nne si kitu, binti. Lakini uwanja wa kule ni mfupi kama ulimi, na mimi nategemea mizani. Leo umenidanganya kilo, kesho utanidanganya mafuta."

Alishuka watu wote wakimwangalia. Kesho yake alirudi kupakia. Aibu ilimla, lakini hakuwa na pengine pa kwenda.

Kulikuwa na uongo mwingine, mkubwa zaidi. Mama yake, doña Socorro, aliuza ng'ombe watano wa maziwa kule nyumbani kwao Ipiales ili amlipie masomo. Kila jioni humwuliza bintiye kwa simu, "Leo umepeleka nini?" Maricel humtajia: bia, vifaranga, mabati, chumvi.

"Kuhusu mizigo nilikuwa nasema kweli," anasema akiinamisha uso. "Sikuwa nasema nani ameipeleka."

Asubuhi hii Kapteni Baquero anakuja na kikombe cha kahawa mkononi. Anazunguka ndege, anavuta kamba za shehena moja moja. Hakuna iliyolegea.

"Pana nafasi ya hamsini na sita," anamwambia. "Panda mizani."

Maricel anapanda na buti zake, begi lake na koti lililolowa. Kabla don Aldemar hajafungua mdomo, anaitaja namba mwenyewe: "Hamsini na tisa, Kapteni."

"Si ushushe kreti moja tu, Kapteni?" don Aldemar anamwombea.

"Kreti ina mwenyewe, na anaisubiri." Baquero anamalizia kahawa. "Basi utabaki."

"Ndiyo, Kapteni."

Baquero anapanda ndege, anashika mlango, kisha anageuka. "Chamorro! Fabio anaacha kiti cha kulia kwenye ile ndege kubwa mwezi wa kwanza. Sijakuahidi kitu."

Mlango unafungwa. Maricel anaitazama ndege mpaka mawingu yanaimeza. Hasubiri jioni. Anakaa juu ya pipa na kupiga simu Ipiales, akiwa amewasha spika kwa sababu simu yake ni mbovu.

"Mama, leo sijapeleka kitu. Wala jana. Sijaruka tangu Machi. Napakia tu."

Upande wa pili kuku wanasikika.

"Najua, mwanangu," mama anasema. "Rubani gani analalamika mgongo kila siku?"

Maricel anacheka, na kicheko kinageuka kilio. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kunipigia."

Anafuta machozi kwa mkono wa koti. Anamweleza habari za kiti cha Fabio, na kwamba wanaokitaka ni tisa. Atakuja kila siku hadi mwezi wa kwanza, anasema, na akikosa hicho atangoja kingine.

"Basi kapakie kuwashinda hao wanane," mama anamwambia. "Na jioni unipigie. Uniambie umepakia nini."